Pole Iliyochelewa

Ti-ti! Ti-ti! Mlio ulitoka ndani ya lundo la vitenge, na simu yenyewe haikuonekana. Zulekha alitupa mkoba wa shule kando, akapekua vitenge, akaichomoa.

"Ni Mama Benedikta wa Lubumbashi," alimwambia baba yake, Hashil.

Kila akitoka shule, Zulekha hupitia dukani kwao Kariakoo kujibu ujumbe wa wateja. Baba alijigamba kwa majirani kwamba binti yake anaandikiana Kifaransa na Wakongo. Kumbe Zulekha alikuwa ameokota maneno machache kwenye video za mtandaoni, akayapenda kwa mlio wake tu.

Leo ujumbe ulikuwa mrefu, wote Kifaransa. Alitambua neno moja: maman, yaani mama. Angelina, rafiki yake wa duka la jirani, alichungulia begani kwake.

"Haya mtaalamu, anasemaje?"

"Anasifia picha za mzigo."

"Hivi Kifaransa umekisomea wapi, hapo shuleni Jangwani?"

"Wivu huo."

Zulekha hakutaka kuonekana hajui. Tena Kariakoo mteja asipojibiwa upesi huhamia duka la pili. Akaandika, "Bravo, maman! C'est la vie!" Akabandika na moyo mwekundu. Aliamini amesema maisha ni matamu.

Kesho yake robota la Mama Benedikta, vitenge vya harusi ya mwanawe, lilikuwa limeshafungwa. Lilisubiri neno lake tu lipakiwe kwenye lori. Badala yake ikaja sauti iliyorekodiwa, yenye kilio, na baba akaifungulia palepale.

"Hashil, mama yangu amefariki. Niliandika kwamba harusi tumeisogeza mbele. Binti yako ananijibu hongera, maisha ndiyo hivyo, tena na moyo mwekundu. Miaka yote hii tunafanya biashara, hata pole sikupata. Mzigo huo muuzie mwingine."

Baba alikaa juu ya robota.

"Zulekha, ulielewa alichoandika?"

Uongo ulishafika mdomoni: mtandao mbovu, ujumbe umejituma wenyewe. Lakini sauti ile ya kilio ilikuwa bado masikioni mwake.

"Sikuelewa, baba. Kifaransa sikijui. Nilidanganya."

"Na kwa nini usimwandikie Kiswahili? Mama huyu akija hapa tunapiga soga kwa Kiswahili mpaka tunafunga duka."

"Nilitaka anione msomi. Mimi ndiye niliyeanza kumwandikia bonjour."

"Basi naye akakufuata kwenye Kifaransa kwa heshima. Alidhani anamweleza msiba wake mtu anayemwelewa." Baba akampa simu. "Mpigie. Anza na pole. Biashara usiitaje."

Zulekha alipiga, akaiweka simu kwenye spika.

"Shikamoo, Mama Benedikta. Mimi Zulekha. Pole sana kwa kufiwa na mama. Ujumbe wako sikuuelewa. Nilijifanya najua."

Kwa mbali zilisikika sauti za waombolezaji.

"Marahaba," Mama Benedikta alisema. "Kumbe hukuelewa. Mimi nimelia nikidhani mmenidharau." Akavuta pumzi. "Mwambie baba yako robota alitunze. Rangi ile aliichagua mama mwenyewe kabla hajaugua. Harusi itakuwepo, na tutaivaa."

Baba alishusha pumzi, akamwinamia binti yake. "Umeona, mwanangu? Kutojua kwako hakukumuumiza mtu. Kilichomuumiza ni kujifanya unajua. Mtu akikuletea neno usilolielewa, muulize. Hakuna aibu hapo."

"Nimemsikia baba yako," sauti ilitoka simuni. "Sasa siku nyingine usipoelewa utafanyaje, binti yangu?"

Zulekha alimtazama Angelina, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia yote.

"Nitakuuliza, mama. Nakuahidi. Hata kama Angelina atanicheka."