Shamila na Dhoruba ya Jua

Kila asubuhi Shamila alifagia uwanja, kisha akachemsha chai huku akisikiliza redio ya baba yake. Mzee Uwesu alikuwa fundi cherehani pale Gongoni, mjini Tabora, na bila redio kazi yake haikwenda.

Alhamisi moja mtangazaji alisema kwamba jua limerusha dhoruba kubwa. Katika nchi za mbali kaskazini, watu walitoka nje kutazama anga likiwaka rangi ya kijani na waridi. Shamila alisikia kipande hicho tu, akachukua mkoba wake na kukimbilia shule.

Njiani alimsimulia rafiki yake Levina. Mwanzoni alisema yale yale aliyoyasikia. Lakini Levina alipotoa macho, na wenzao waliposogea kusikiliza, Shamila alinogewa.

"Kesho inafika Tabora," akaongeza. "Moto wa rangi utashuka. Atakayekuwa nje ataungua!"

"Kweli?"

"Haki ya Mungu, redio imesema."

Kesho yake Levina hakuja shule. Mwalimu Gerson, aliyefundisha sayansi darasa la sita, aliuliza habari zake.

"Kajifungia ndani na bibi yake," alijibu Maua, jirani yao. "Wanaogopa dhoruba ya jua. Wameziba madirisha kwa khanga. Hata uji wanapikia humo humo chumbani, kwa jiko la mkaa."

Mwalimu aliweka chaki mezani. "Mkaa, ndani ya chumba kilichozibwa? Hewa yake ina sumu! Haionekani wala hainuki, lakini inaua. Nani kawaambia habari hizo?"

Hakuna aliyemtaja Shamila, na angeweza kukaa kimya. Akanyoosha mkono.

"Ni mimi, Mwalimu. Niliongeza uongo."

"Basi twende. Wewe ndiye watakayekuamini."

Walikwenda mbio. Mwalimu aligonga mlango, haukufunguliwa. Shamila akapaza sauti, "Levina! Bibi Apolinaria! Fungueni, nilidanganya!"

"Nje kuna moto," sauti dhaifu ya bibi ilijibu.

"Hakuna, Bibi! Mimi niko nje, wala siungui!"

Komeo lilikwaruza. Bibi Apolinaria alitokea akishikilia ukuta. Nyuma yake Levina alikuwa amelala mkekani, macho mazito. Mwalimu alimbeba hadi nje, akarudi kulitoa jiko na kufungua madirisha. Levina akatapika. Majirani wakaita bajaji, wote wakapelekwa kituo cha afya. Huko muuguzi aliwawekea wagonjwa hewa safi ya oksijeni.

Shamila alikaa kwenye benchi, akingoja. Mchana muuguzi alitoka akitabasamu. "Yule binti anasema ana njaa." Hapo Shamila aliangua kilio, akajiona mwepesi kama aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Aliingia wodini, akapiga goti. "Shikamoo, Bibi. Naomba mnisamehe."

"Marahaba." Bibi alimgeukia Mwalimu Gerson. "Kwani hiyo dhoruba haipo?"

"Ipo, Bibi, ila haiko hivyo. Mara nyingine jua hulipuka na kurusha chembechembe ndogo mno. Dunia yetu ina nguvu ya sumaku, nayo huzielekeza nyingi kwenye ncha zake, kaskazini na kusini. Huko, juu sana, zinagonga hewa, na hewa inang'aa. Mwanga huo huitwa aurora."

"Hautuunguzi?" aliuliza Levina kwa sauti ndogo.

"Hapana. Dhoruba kali inaweza kuvuruga redio, setilaiti, hata umeme. Lakini sisi tulio chini tunakingwa na sumaku hiyo pamoja na hewa. Tena Tabora iko karibu na Ikweta, kwa hiyo si rahisi kuuona mwanga huo hapa."

"Laiti ningeuona," alisema Levina. Shamila akacheka huku akifuta machozi.

Bibi Apolinaria alimshika mkono. "Mjukuu wangu, habari yenyewe ilikuwa nzuri namna hii. Ya nini kuitia moto? Siku nyingine ulilolisikia liseme kama lilivyo, na usilolijua uliza. Umekosa, lakini leo hukujificha. Ungenyamaza kwa kuona aibu, mimi na Levina tusingekuwa hapa tukizungumza nawe."