Kaburi la Lukumani

"Kivuko kimekwisha kwenda," mwenye nyumba alisema, mwiko ungali mkononi. "Usiku kinalala kisiwani. Mutalala hapa kwangu, kesho asubuhi mutavuka."

"Basi turudi Kasongo mjini," Abedi akasema upesi. "Tutalala kwa watu tunaowajua."

Nuru akamgeukia. "Tumetembea tangu mjini mpaka hapa mtoni, na jua hili, halafu turudi? Mimi nalala hapa."

Akaweka mzigo wake chini, akavua viatu.

Mwenye nyumba aliitwa Mama Léontine. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mto Lualaba, na kila aliyechelewa kivuko alilala kwake. Alimkaribisha Nuru kwa mkono. Alipofika kwa Abedi alimtazama tu, akamtazama tena.

"Wewe, kijana, nilikwisha kukuona."

"Hapana, mama. Mimi sijafika huku hata siku moja."

Nuru alikuwa anakung'uta vumbi kwenye kanga yake. Mkono ukasimama.

Huyu Abedi alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Nuru. Mumewe, Lukumani, alikuwa fundi wa cherehani kule Kabambare. Mwaka watu wa munganga wa serikali walipopita kupima ngozi za watu, walimkuta na mabaka mgongoni, wakampandisha kwenye kaminyo, lori lao, siku ileile. Walimpeleka kisiwani, katikati ya mto, mahali Wabelgiji walipowaweka wenye ukoma. Mke alikatazwa kumfuata. Baadaye Abedi alipata karatasi ya njia, ile ruhusa ya kusafiri, akaenda kumwona kaka yake. Aliporudi, nyumba nzima ililia. Lukumani alisomewa hitima, na Nuru akakaa eda mpaka mwisho.

Baada ya hapo ni Abedi aliyemlimia shamba, ni Abedi aliyeezeka paa lake. Hakumsumbua kwa neno. Alipomposa hatimaye, Nuru alikubali, tena kwa moyo mweupe, ila aliweka sharti moja: kwanza apelekwe kaburini kwa Lukumani, akamsomee dua, amuage. Abedi alitafuta kila sababu. Mvua, njia mbaya, karatasi ya njia. Sababu zilipomwishia, wakapanda kaminyo ya pamba mpaka Kasongo.

Mama Léontine aliposhuka mtoni kuteka maji, Nuru akauliza taratibu:

"Umemwambia hujafika huku. Kaka yako ulimzika wapi?"

"Nililala kwa watu wengine ile safari. Sitaki maneno na huyu mama. Anauliza mingi."

"Lakini umesema hata siku moja."

"Nimechoka, shemeji. Ulimi umeteleza."

Shemeji. Tangu ampose alikuwa amekwisha kuacha kumwita hivyo.

Mto ulikuwa mpana na hauna sauti, na kule katikati kisiwa kilikuwa kimelala cheusi, moshi mwembamba juu yake. Nuru alishindwa kukitazama, akashindwa pia kutazama kwingine.

"Nuru, sikiliza," Abedi akaanza. "Mjini kuna shehe. Kesho tunaweza kufunga ndoa palepale, turudi nyumbani mume na mke. Dua inamfikia marehemu popote."

"Nijuavyo mimi, mutu huagwa pale alipolala."

"Kule iko ugonjwa."

"Na wewe uliingia ukatoka muzima."

Jua lilikuwa linazama. Ndipo sauti ikaja juu ya maji.

Ilikuwa adhana ya magharibi. Ilitoka kisiwani, nyembamba, ikipotea na kurudi kadiri ya upepo. Nuru aliinua kichwa. Lukumani alikuwa akiadhini kwenye msikiti mdogo wa mtaa wao, na alikuwa na tabia moja: akifika katikati alivuta pumzi na kunyamaza kidogo, kama mtu aliyesahau, ndipo amalizie. Nuru alikuwa akimcheka kwa hilo.

Sauti ya kisiwani ilifika katikati. Ikanyamaza kidogo. Ikamalizia.

Nuru akamgeukia Abedi.

"Umesikia?"

"Nini?" Abedi akauliza.

"Kule. Mutu anaadhini."

"Sijasikia kitu, Nuru."

Alisema hivyo akitazama chini, na jasho limemtoka shingoni. Nuru hakuliona lile jasho. Alichokifahamu ni kwamba amesikia sauti ya maiti, naye peke yake. Mama Léontine aliporudi na mtungi, Nuru aliogopa hata kumuuliza. Angemwuliza vipi? Mama, hapa kwenu marehemu huadhini?

Walipokula, mwenyeji ndiye aliyeongea.

"Muna mutu wenu kule?"

"Alikuwa mume wangu," Nuru akajibu. "Nimekuja kuona kaburi."

"Pole, mwanangu. Makaburi ni mengi kule. Lakini hata wazima wana matanga yao. Watu wakivuka tu, kwao wanawalia kama wamekufa. Binti yangu iko kule. Majirani walikuja kunipa pole, wengine wakaja na kuni za matanga. Niliwafukuza wote. Niliwaambia, mutoto wangu nampelekea chakula kila juma, munalia nini?"

Abedi alisukuma sahani yake, akasema anakwenda kulala barazani.

Nuru alilala chumba kimoja na Mama Léontine, kama kulala ndiko kule. Akifumba macho alimwona Lukumani amesimama juu ya maji, akiita, na watu wote wa Kabambare wamekaa ukingoni wakisema hawasikii kitu. Alijiambia ni hukumu yake. Amekuja kumuaga mume huku ameshika mkono wa mdogo mtu. Ndiyo maana marehemu hajatulia.

Alfajiri sauti ikaja tena. Ukungu ulikuwa umefunika mto wote, kwa hiyo ilionekana kama inatoka popote, hata ndani ya nyumba. Ikafika katikati, ikanyamaza kidogo.

Nuru aliketi kitandani, ameziba mdomo kwa kanga.

"Baridi?" Mama Léontine akamuuliza. Alikuwa amekwisha amka, anafunga kitambaa chake.

"Mama, usinicheke. Wewe unasikia ile sauti?"

"Nasikia kila siku. Ndiyo saa yangu, mimi Mkristo naamka kwa sala ya Waislamu."

"Unasikia kweli?"

"Sina maradhi ya masikio."

"Ni nani?"

"Fundi wa kule. Anawashonea wenzake nguo kwa vile vidole vilivyombakia. Anatoka upande wenu wa Kabambare." Mama Léontine akafikiri. "Lukumani. Binti yangu anamwita Baba Lukumani."

Nuru hakulia wala hakuanguka. Alivaa kanga yake vizuri, akatoka barazani. Abedi alikuwa ameketi kwenye mkeka, magoti kifuani. Ilionekana hakulala hata kidogo.

"Jana uliisikia," Nuru akasema.

Abedi akainamisha kichwa.

"Uliisikia, ukaniacha nijione nina wazimu usiku mzima."

"Niliisikia."

Mama Léontine alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa nimekukumbuka," akamwambia Abedi. "Ni wewe ulikaa hapa na kifurushi cha chakula. Kivuko kikaja, kikaenda. Kikaja, kikaenda. Halafu nikaangalia, haupo."

"Ni kweli, mama."

"Hukuvuka," Nuru akasema.

"Sikuvuka." Sauti ya Abedi ilikuwa ndogo. "Kivuko kilifika, akashuka mutu hana pua. Akanisalimia vizuri tu, kama mutu na mwenzake. Miguu yangu ikakataa. Nilijiambia nitavuka kesho yake. Nikarudi Kabambare."

"Ukatuambia amekufa."

"Sikusema, Nuru. Naapa. Njia nzima nilijitayarisha kusema sikumuona. Nikafika uani, mama akatoka, akaniangalia usoni, akapiga kilio. Sijafungua mdomo, yeye analia. Watu wakaja. Wewe ukaanguka. Nikangoja mutulie niseme. Hamukutulia. Shehe akanishika mkono akaniambia pole, nikaitika."

"Ukaitika."

"Nikaitika. Baada ya ile siku, ningesema nini?"

"Na siku uliyoniposa? Pale pia ulinyamaza tu?"

Abedi alifuta uso kwa kiganja. "Hapana. Pale nilisema mwenyewe. Nilikuwa nimekupenda. Nakupenda."

Nuru alimtazama mtu aliyeezeka paa lake. Alitaka kumchukia mara moja, akakuta kazi ni ngumu kuliko alivyodhani, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Simama," akamwambia. "Kivuko kinakuja. Leo utapanda."

"Nuru—"

"Utapanda, umwambie kwa kinywa chako. Sitaenda kukusemea."

Kivuko kilikuwa mitumbwi miwili mikubwa iliyofungwa pamoja, mbao zimetandikwa juu. Abedi alipanda akiwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Katikati ya mto ukungu uliwafunika hata mvushaji hawakumwona, walisikia tu kasia lake.

Ukingoni mwa kisiwa kulikuwa na ua wa miti, na mbele yake mtu mrefu amesimama, kitambaa kimezungushwa mkononi. Alikuwa amekonda. Nyusi hakuwa nazo tena. Lakini alisimama vilevile, bega moja chini, kama aliyeinamia cherehani.

Akawatazama wakishuka. Hakukimbia kuwapokea.

"Abedi," akasema. "Leo umevuka."

Abedi akaganda. "Yaya, kaka yangu, unajua?"

"Ile siku nilikuwa hapahapa. Niliambiwa ndugu yangu iko ng'ambo. Nilikutambua kwa mwendo. Nilikupungia mkono. Kivuko kikaja kitupu, nikasema labda cha pili. Kikaja kitupu tena." Akamgeukia Nuru, ila hakumtazama usoni. "Nilifikiri ni wewe ulimtuma. Aangalie kama ningali hai, akuambie usijisumbue."

"Nililetewa msiba," Nuru akasema. "Nilikulia, Lukumani. Nilikukalia eda. Nimekuja kuona kaburi lako."

Maneno yakamwingia Lukumani polepole. Akamtazama mdogo wake.

"Mulinifanyia matanga?"

Abedi alipiga magoti kwenye matope, akasema yote. Alisema vibaya, akirudia, akijikata, lakini alisema. Lukumani alimsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mtu mwingine.

"Watu walikuja wengi?" akauliza mwishoni.

"Walijaa mpaka barabarani, yaya."

"Hata wale wa kule juu, niliogombana nao?"

"Hata wao."

Lukumani akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza alikaribia kutabasamu. Lakini Nuru alipomsogelea, alirudi nyuma na kuficha mikono.

"Simama hapo. Munganga ana vidonge vipya, anasema kiangazi kikija nitatoka, siambukizi tena. Lakini vidole havirudi. Na kule kwetu mimi nimekwisha kufa, Nuru. Nani atakula sahani moja na mimi? Wewe ungali kijana. Shika mwenye uhai."

"Hujaniacha," Nuru akasema.

"Nini?"

"Mimi ni muke wako. Ile eda niliikaa bure, mume alikuwa hai. Ukitaka niende, niache sasa hivi, mbele ya ndugu yako. Sema neno la talaka nikusikie, nigeuke, nipande kivuko."

Lukumani alifungua mdomo. Akavuta pumzi, akanyamaza. Mvushaji aliacha kufunga kamba ya kivuko. Abedi alikuwa bado magotini, ameinamisha kichwa, na hakuna aliyejua anaomba nini.

"Sema," Nuru akarudia, na safari hii sauti ilimvunjika.

"Siwezi," Lukumani akasema. "Kila siku nilikuwa nafanya mazoezi ya kukusamehe ukiolewa. Kukuacha sikujifunza."

Nuru alimfuata mpaka kwenye ua, akautoa ule mkono nyuma ya mgongo, akaufungua kitambaa, akaushika kama ulivyo.

Walikaa hapo mpaka ukungu ulipoondoka. Wakati wa kurudi, Abedi aliuliza kama mtoto:

"Na mimi nifanye nini?"

Ni Nuru aliyemjibu. "Ulimzika wewe. Nenda Kabambare, ukamtoe kaburini wewe. Anza na mama yako."

"Hawatanisamehe."

"Hilo si langu wala si lake. Nenda."

Abedi alikwenda peke yake. Nuru alibaki kwa Mama Léontine, akimsaidia kuteka maji na kupeleka chakula kisiwani, mpaka kiangazi kilipoingia na munganga akamwachilia Lukumani.

Waliporudi Kabambare, habari ilikuwa imewatangulia, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Wanawake waliokuwa wanatwanga waliacha michi. Mzee mmoja aliyeshiriki hitima alishika njia nyingine. Abedi hakuwapo; baada ya kusema ukweli mtaa mzima ulimgeuzia mgongo, akaenda kutafuta kazi ya migodi upande wa Salamabila. Alimwachia mama yake salamu tu.

Mama yao alikuwa mlangoni. Alimtazama Lukumani kwa muda mrefu, macho makavu. Akanyoosha mkono, akamgusa kifuani, akaukandamiza pale mpaka aliposikia moyo unapiga.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado, mama."

Akaingia ndani, akatoka na sahani moja, akaiweka katikati ya uwanja, mahali majirani wote wangeona. Akakaa chini. Nuru akakaa. Lukumani alibaki amesimama, anaitazama ile sahani.

"Kaa, mume wangu," Nuru akamwambia. "Chakula kinapoa."