Nta ya Bwana Halvorsen

Mgonjwa wa kumi na tisa alikata roho saa mbili asubuhi, kidonge cha kwinini kikiwa bado kinywani.

Kaingu alipiga magoti. Akakitoa kile kidonge, akakigusisha ulimi.

Hakikuwa kichungu.

Akakiuma. Kikamomonyoka kama lipu ya ukuta.

Chokaa.

Kambi nzima ilimjua Kaingu kuwa ni dresa, mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa. Kwamba ni jasusi wa jeshi, alijua daktari peke yake, naye alikuwa machelani akiweweseka kwa homa.

Ilikuwa mwaka 1916. Watu mia nne, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na wapagazi wao, walikuwa wamepiga kambi katika nyika kavu, mwendo wa siku nzima kwa ngamia kutoka Malindi. Mvua ya siku mbili iliacha vidimbwi. Vidimbwi vikazaa mbu. Kila asubuhi watu walijipanga wakameza kidonge mbele ya sajini, na kila asubuhi kaburi likachimbwa.

Kaingu akamfunika maiti uso. Mpagazi yule aliitwa Kenga. Siku mbili zote alikuwa akimwita mamake, Sidi, mpika nta wa Malindi.

Akapanda juu ya kichuguu na kioo cha ishara. Mwale wa jua ukaruka hadi kilima cha Jilore, na Jilore wakaufikisha Malindi.

DAWA NI CHOKAA. NANI ANAITUNZA?

Jibu lilimeta baada ya saa nzima.

GHALA LA KUKODI. MWENYEWE HALVORSEN, MNUNUZI WA NTA. MZIGO WAKE UNATOKA KESHO ADHUHURI. KILIFI, KISHA KUSINI.

Kusini. Huko Wajerumani walikuwa wakipigana porini, nao kwinini imewaishia.

NIPENI ASKARI.

HAKUNA. MZUIE WEWE.

Kesho yake, saa tano na nusu, Kaingu alimfunga ngamia nyuma ya ghala. Uani punda kumi na wawili walikuwa wameshatandikwa. Bastola yake ya Webley ilikuwa mkobani, chini ya bandeji.

Jikoni, kando ya mabonge ya nta yaliyopangwa tayari kwa safari, mwanamke wa makamo alikuwa akikoroga sufuria ya nta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vumbi hilo ni la nyika. Watoka kambini?"

"Ndiyo, mama."

Upawa ukasimama. "Basi umemwona Kenga wangu?"

Kaingu akauinamia mkoba wake.

"Nimemwona."

Hakusema uongo. Lakini hakuweza kumtazama usoni.

"Mama Sidi, nta ile iliyopangwa pale, umeimimina wewe?"

"Mimi? Thubutu! Wiki hii Bwana amemimina mwenyewe, mlango kaukomea. Miaka sita nampikia, hata siku moja hakuwahi kushika upawa."

Kaingu alitoa mkobani kijiti cha chuma cha kupimia vidonda. Akakipasha motoni, akakidunga katika bonge la kwanza. Kikazama kama kisu katika samli.

Ting.

Bati. Akapasua nta kwa kisu. Kopo la kwinini la jeshi likachungulia, lakiri haijavunjwa.

"Weka chini, dresa."

Halvorsen alisimama mlangoni, mrefu, mtulivu, bastola ya Mauser mkononi. Mji mzima ulimjua kuwa Mnorwe, mtu asiye na upande vitani. Kiswahili chake kilikuwa safi.

Mkoba ulikuwa hatua tatu mbali.

"Kuna watu mia nne kule," Kaingu alisema.

"Watakufa kwa homa. Nani ataulizwa? Homa haina bendera."

"Wanameza chokaa yako kila siku."

"Na wataendelea kumeza. Wewe utazikwa hapa hapa uani."

Akainua bastola.

Nta ya moto ilimpata mkononi.

Halvorsen alipiga yowe. Risasi ikatoboa bati la paa. Kaingu akaruka, akampiga kiwiko cha koo, akamwangusha kifudifudi. Pumzi tatu tu, mikono ya Mnorwe ilikuwa imefungwa nyuma kwa bandeji, fundo juu ya fundo.

Sidi alikuwa bado ameshika upawa. Ulikuwa ukichuruzika.

"Kasema watameza chokaa," alinong'ona. "Kenga naye?"

Kaingu akainuka. Alikuwa ameshawadanganya maofisa, wafanyabiashara na wauaji. Huyu hakumweza.

"Naye, mama. Alimeza kila siku. Jana asubuhi aliaga dunia. Nilikuwa naye. Alikuwa akikuita."

Sidi hakulia. Aliuweka upawa chini polepole, akajifuta mikono kwa leso. Akamtazama Halvorsen pale sakafuni, kwa muda mrefu, mpaka yule bwana akageuza uso.

"Waliobaki ni wangapi?"

"Mia tatu themanini na mmoja nilipoondoka."

"Basi mbona tumesimama?"

Walivunja mabonge sitini na manne. Makopo mia na ishirini na manane, yote mazima. Polisi wa mji walipofika, Kaingu alikuwa akimpaka Halvorsen mafuta kwenye lile jeraha la moto, bila haraka, kama mgonjwa mwingine yeyote.

"Wewe ni nani hasa?" Halvorsen aliuliza.

"Dresa."

Akafunga mkoba. Punda wale kumi na wawili, makopo mgongoni, walitoka uani wakigeukia magharibi, njia ya Kakuyuni iendayo kambini, Sidi akimvuta wa mbele. Kaingu aliivuta kofia yake ikazuia jua, akamfungua ngamia, akawafuata.