Mstari Uliopindwa

Haya nimeyasikia kwa mpima ardhi mwenyewe, jirani yangu, naye si mtu wa kupiga chuku.

Asubuhi moja alikuwa ufukweni na wenzake wakipigilia vigingi. Bahari ilikuwa inakula ardhi, na mpango ulikuwa mmoja: nyumba zote za upande wa maji zihame, pale ipandwe mikoko ya kuvunja nguvu ya mawimbi. Nyumba ya shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, iliangukia upande wa maji.

"Mwanangu, na uzee huu nihamie wapi?" shangazi aliuliza.

Damu nzito kuliko maji. Mpima akaupinda mstari, ukaizunguka nyumba ile.

Wengine wakahamia mlimani wakinung'unika. Mvua zikaja, bahari ikameza kila kitu mpaka kwenye vigingi. Ilipofika kwa shangazi ikapinda nayo, sawasawa na ramani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba bibi yule ana lake jambo. Mpima aliwacheka, lakini moyoni alikuwa na wasiwasi: tangu lini maji yakaheshimu kigingi?

Adhuhuri moja akaenda kumtoa. Alimkuta shangazi amesimama mwisho wa ua, ng'ambo ya vigingi, upande wa maji. Hata karibu hakuambiwa. Shangazi yule, asiyeishiwa maneno!

"Twende kwangu, shangazi."

"Nivushe," alinong'ona.

"Si uvuke tu?"

"Nishike mkono. Nivushe."

Akamshika. Mkono ulikuwa baridi, umelowa. Akamvuta. Wakavuka.

Simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa kule mlimani.

"Shangazi yako yuko kwangu tangu jana. Huyu hapa, ongea naye."

"Mwanangu," ikasema sauti ya shangazi, "usiende nyumbani kwangu. Kuna mtu."

Hakuthubutu kugeuka. Mkono ukamwachia. Taratibu. Kidole kimoja kimoja.

Alipogeuka hapakuwa na mtu. Nyayo za maji zilikuwa zimempita, zimeshika njia ya mlimani.

Alikimbia mpaka pumzi zikamwishia. Akamkuta shangazi mzima, anamenya viazi. Alimkumbatia, akalia kama mtoto.

Mlangoni palikuwa na kidimbwi cha maji ya chumvi. Wakakipiga deki, kikarudi. Kipo hadi leo, na kila asubuhi kinakuwa kimesogea ndani kidogo.