Uzio wa Duara la Zamani

Kila Jumamosi, Mwantumu akishateka maji na kufagia uwanja, alipanda mlimani na baba yake, Mzee Muhidini, kupokea wageni. Zamani watu wa kijiji chao, huko Handeni, walichimba dhahabu mlimani humo. Dhahabu ilipoadimika, wachimbaji waliungana wakatengeneza njia na vibanda vya kupumzikia, watu waje kutembea na kutazama mandhari. Maduara, yaani mashimo waliyochimbia, waliyazungushia uzio wa miti.

Siku hiyo walikuja wanafunzi kutoka Korogwe na mwalimu wao, Dorkasi. Mwantumu alikuwa akichoma mihogo kando ya kichanja chake kipya.

“Shikamoo, mwalimu. Karibuni mihogo!”

“Marahaba, mwanangu. Tukishuka tutakula.”

Wageni hawakufika mbali. Ghafla ukasikika ukelele uliomfanya Mwantumu aangushe koleo.

“Mikaeli katumbukia! Mikaeli katumbukia shimoni!”

Mwantumu alikimbia. Katikati ya majani marefu shimo lilikuwa wazi. Ni duara lile lile ambalo jana yake jioni aling'oa miti ya uzio wake akajengea kichanja. Wakati ule alijiambia kwamba huko hapiti mtu.

“Mikaeli! Unanisikia?” baba yake aliita.

Sauti nyembamba ikatoka chini: “Mguu wangu! Nitoeni!”

Mzee Muhidini alijifunga kamba kiunoni, wachimbaji wenzake wakamteremsha. Mawe yaliporomoka nyuma yake. Mwantumu aliuma pindo la kanga, hata kulia akashindwa. Hatimaye baba yake alitokeza, viganja vikivuja damu, amembeba mtoto aliyejaa vumbi mwili mzima. Mwalimu Dorkasi alipiga magoti akamfuta mtoto uso.

Gari lilipoondoka na majeruhi, mchimbaji mmoja, Kibwana, alifoka: “Waliong'oa uzio ni watoto wa Semboja wanaochunga mbuzi! Wasikanyage tena hapa!”

“Twendeni kwa baba yao sasa hivi,” alisema Mzee Muhidini.

Mwantumu aliwatazama wakianza kuondoka. Angenyamaza, nani angejua?

“Si wao, baba. Ni mimi. Nilichukua ile miti nikajengea kichanja.”

Baba yake alimkodolea macho kama asiyemfahamu. “Wewe, Mwantumu? Wewe?”

Hakumpiga, na hilo lilimuumiza zaidi. Wachimbaji waliufunga mlima mpaka kila duara lizungushiwe uzio upya, na Mwantumu alibeba miti pamoja nao.

Siku moja baada ya ajali, baba na binti walikwenda hospitali Korogwe. Mikaeli alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta. Mwantumu alipiga magoti mbele ya mama wa mtoto akaeleza yote bila kuficha.

“Jana nusura nizike mwanangu,” alisema Mama Mikaeli. “Siwezi kukwambia si kitu. Kilichowekwa kulinda watu usikiguse, hata kama hakuna anayekuona. Ila umekuja mwenyewe kuniambia ukweli, wala hukuacha watoto wa watu wabebe kosa lako. Kwa hilo nimekusamehe. Inuka, mwanangu.”