Mafundo ya Mama Musimbi

Cherehani ilianza kushona mwendo wa saa nane usiku. Nilikuwa macho, mtoto kifuani, nikaisikia kutoka chumba cha mwisho: tatatata, ikasimama, tatata, ikasimama tena, kama mtu anayegeuza kitambaa kwenye kona. Nikamgusa Protus, mume wangu. Akanung'unika, akageukia ukuta. Sasa, mkanda wa mashine ile nilikuwa nimeuvua mimi mwenyewe mchana, nikautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na bila mkanda unakanyaga bure, gurudumu halizunguki. Nikainuka na koroboi hadi jikoni. Mkanda ulikuwa pale pale.

Na mashine inashona.

Lakini wacha nianze mwanzo, maana nikirukaruka hata mimi napotea. Na ieleweke kwamba naandika, sisemi. Kusema nimekatazwa.

Tulihamia huku Lugari, ng'ambo ya Chekalini, mwaka ule wa Uhuru, shamba la mzungu lilipokatwa vipande. Kipande chetu kilikuja na nyumba yake yenyewe, mabati mekundu na chumba kirefu upande wa mwisho chenye madirisha ya vioo. Mama mkwe wangu, Musimbi, alipokiona chumba kile aliingiza cherehani yake kabla hata vitanda havijashuka kwenye mkokoteni. Akashonea watu wote wa hapa: sare za watoto, nguo za ubatizo, nguo za maziko. Alishona mpaka mwezi wa sita mwaka jana, siku tuliyomkuta kwenye kiti chake, kichwa juu ya meza, mguu bado uko kwenye kanyagio. Alizikwa na gauni ambalo fundi wa sokoni alilikisia kwa macho. Mabega yalibana, ikabidi wanawake wa kanisa walipasue mgongoni ndipo mikono iingie. Yeye, aliyevalisha watu wote!

Mwezi wa tisa Protus akataka chumba.

"Mama Ayuma, mahindi yanakauka," akaniambia. "Nitayalaza wapi, kitandani kwetu?"

"Mwenye chumba hajamaliza hata miezi minne."

"Mwenye chumba amelala pale kando ya ua. Hahitaji madirisha."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Basi Jumanne moja, jua zuri, nguo zimeanikwa, nikamlaza Ayuma kwenye mkeka, alikuwa na miezi mitano, nikaanza.

Chumba kilikuwa vurugu tupu. Vipande vya vitambaa vimefika magotini, sare zinangoja kola, mikono ya mashati bila mashati, pini zimechomekwa kwenye kipande cha sabuni, vifungo kwenye vikombe vilivyovunjika mikono, ruwaza zilizokatwa kwenye magazeti ya zamani, na ndani ya kapu la bitana kuku alikuwa ametaga mayai sita. Mimi nilifika kidato cha pili na ushonaji tulifundishwa vizuri, kila kitu na kopo lake, kila kopo na karatasi yake. Nikapanga. Vifungo vyeupe huku, vyeusi kule. Vitambaa kwa rangi. Jora la marikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, nikalikunja nikaliweka kabatini. Marikani hiyo Mama aliinunua kwa ajili yake mwenyewe, alikuwa akiiita nguo ya safari, na hakuwahi kuikata. Mkanda wa mashine nikauvua, Protus asije akaubana na magunia.

Chini ya meza, nyuma ya pasi ya makaa, nikalikuta kopo la biskuti lenye picha ya Malkia.

Ndani yake kamba. Zimesokotana kama minyoo, kila moja na mafundo manne na kitambaa kidogo mwishoni. Nilizijua. Mama hakujua kusoma wala namba, kwa hiyo kila mtu alimpima kwa kamba yake: fundo la bega, la kifua, la kiuno, la urefu. Kitambaa kilitoka kwenye nguo ya kwanza aliyomshonea mtu huyo, ili amjue. Watoto aliwasogezea mafundo kila walipokua. Siku moja nilimcheka, nikamwonyesha futi yangu. Akanitazama juu ya miwani. "Futi yako inajua namba, mwanangu. Kamba hii inamjua mtu."

Nikaona nimalize kazi kisomi. Nikachukua daftari, hili hili, nikazipima kamba zote kwa futi, nikaandika inchi zake, kisha nikafungua mafundo nikazisokota kamba zote kuwa donge moja safi. Watu arobaini na mmoja. Ya mwisho ilikuwa ya kahawia, imepakwa nta ya nyuki, ngumu, na kitambaa chake kilitoka kwenye ile blauzi nyekundu ya Mama ya kanisani. Nikajua ni ya nani. Nikaandika: bega kumi na sita, kifua arobaini, kiuno thelathini na sita, urefu arobaini na saba. Nikafungua mafundo.

Na kwa sababu ilikuwa imara kuliko zote, na kamba ya kiuno ya Ayuma ilikuwa imekatika jana yake, na huku kwetu mtoto haachwi bila kamba ya kiuno, maana ndiyo inayokuonyesha kama ananenepa au anapungua, nikakata kipande pale palipokuwa kiuno cha Mama, nikamfunga mwanangu.

Usiku huo ndio mashine ilishona.

Asubuhi niliikuta ile marikani imetoka kabatini, imekatwa, iko chini ya sindano na mshono mmoja wa bega umekwisha. Nikamwita Protus.

"Umeanza kushona usiku?" akauliza.

"Si mimi."

"Basi ni kuku wa lile kapu," akasema. Akaenda zake shambani.

Nikafunga chumba kwa ufunguo, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso. Asubuhi iliyofuata gauni lilikuwa na mkono wa kuume. Ya tatu, mikono miwili. Ufunguo bado uko kwenye leso, fundo halijaguswa.

Na Ayuma akaacha kunyonya. Anashika titi, analiachia, anatazama juu ya bega langu. Kamba niliyomfunga ilikuwa ikikaa sawasawa, sasa kidole kimoja kinapita chini yake. Kesho yake viwili. Zahanati wakampa maji ya dawa, wakasema ni meno. Meno gani, mtoto wa miezi mitano anayepungua hivyo? Siku ya tano mkono wangu wote ulipita.

Siku hiyo sikungoja usiku. Usiku haukuhitajika tena.

Saa nane mchana. Protus yuko kwenye mahindi. Ayuma mgongoni. Naanika nepi. Nikaisikia. Tatatata. Jua kali, kuku wanachakura, na mashine inashona. Nikazunguka nyumba polepole. Nikachungulia kioo.

Kiti kilikuwa kitupu. Kanyagio linapanda, linashuka. Kitambaa kinasogea. Kinavutwa kwa upande, kinanyooshwa, kama wanavyonyoosha mafundi kwa viganja viwili. Viganja havipo.

Ikasimama.

Kiti kikarudi nyuma. Polepole. Kama mtu mnene anayeinuka.

Na mwanangu, mgongoni, akacheka. Siku tano hakuwa amecheka.

Nikazunguka hadi mlangoni. Nilipofungua mlango hapakuwa na mtu, gauni tu limetandikwa mezani. Mabega ya mtu mzima. Mikono ya mtu mzima. Lakini kiunoni limebanwa, limekunjwa, limebanwa tena, mshono juu ya mshono, hadi likawa jembamba kama shingo ya kibuyu. Nikaweka futi. Inchi kumi na nne. Nikamshusha Ayuma nikampima.

Kumi na nne.

Nilikimbia kwa mama Beldina. Huyu ni jirani, mzee, ndiye aliyekuwa akimtobolea Mama vitundu vya vifungo miaka yote. Nikamweleza yote kwa mkupuo. Akaniwekea kidole mdomoni.

"Pole pole. Kopo umelipata wapi?"

"Chini ya meza."

"Wee! Siku ya maziko tulilitafuta hatukuliona. Chumba kilikuwanga takataka vile." Akashusha sauti. "Mama yako hakuzikanga mtu bila kamba yake. Alimshonea kwenye pindo la nguo, aende na kipimo chake. Asirudi kutafuta. Sasa ya kwake iko wapi?"

Nikamfunua Ayuma kiunoni.

Alitazama. Akakaa chini, mzee wa watu, akakaa chini kwenye vumbi.

"Umemfunga mtoto kipimo cha marehemu," akanong'ona. "Anashona nguo yake ya safari, anapima kiuno anakikuta hapa. Ikiisha, mama Ayuma, itamtosha nani?"

Nikashika kisu.

"Usikate! Ulishakata mara moja. Fungua."

Fundo lilikataa. Nililifunga mimi fundo moja, nikakuta matatu. Nilifungua kwa meno, mtoto akitazama juu ya bega langu, hata halii, na kila nilipopumua nilinusa nta na sabuni ile ya pini. Kamba ilipotoka, ngozi chini yake ilikuwa na vidoa vyekundu, vidogo, vimefuatana sawasawa kuzunguka kiuno. Kama njia ya sindano.

Tulirudi nyumbani kabla jua halijashuka. Mama Beldina akafumua mishono ya kiuno kwa wembe, mmoja mmoja. Mimi nikatafuta kamba ya kahawia kwenye lile donge langu safi, nikaunga kipande na kipande, nikafungua daftari, nikafunga mafundo upya kwa inchi nilizoandika. Fundo la urefu nililirudia mara nne. Mama Beldina akaishona kamba kwenye pindo, akalipiga pasi gauni kama linakwenda kanisani. Tukalifukia kichwani mwa kaburi, sisi wawili.

"Musimbi," mama Beldina akasema chini chini, "mabega hayakubani tena. Nenda."

Jioni ile Ayuma alinyonya mpaka akalala na titi mdomoni. Nililia hadi Protus akaniuliza kama nimepata barua mbaya.

Mashine haikushona tena. Mahindi yakaingia chumbani. Ningeishia hapa, na ningependa kuishia hapa.

Lile kopo la Malkia nililiacha kwenye rafu, tupu, nimebandika juu yake karatasi ya HAMNA KITU. Majuma mawili baadaye nilitaka kutia mbegu za mboga. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na kamba moja. Mpya. Mafundo manne. Mwishoni kitambaa cha njano, cha gauni la Ayuma, gauni nililomshonea mimi, Mama akiwa tayari kaburini. Nikaweka kamba kwenye bega la mtoto, kifua, kiuno, urefu. Haikupungua wala kuzidi.

Mama Beldina aliyahesabu mafundo kwa kidole.

"Amempenda mjukuu," akasema. "Mwache amshonee. Na usimwambie mtu, hata Protus. Watakuletea watu wa kuchoma vitu vyake, naye ataona mmemkataza mtoto. Umenisikia?"

Nikamsikia.

Kila mwezi, siku ya kwanza, nafungua kopo. Kila mwezi mafundo yamesogea. Kidogo tu, unene wa ukucha. Nampima Ayuma, inakuwa sawasawa. Alipougua surua mafundo yalisogea kama kawaida, nikajua atapona, akapona. Sasa ana mwaka na nusu, anakimbia, anaita kila kuku kwa jina. Na mimi silali. Namba na kamba zinanizunguka kichwani, kila mtu ninayemwona namwona kwa mafundo manne, ndipo mwishoni mwa mwezi uliopita nikasema, basi, niandike. Kuandika si kusema. Mama hakujua kusoma. Nikaanza hapa hapa kwenye daftari la vipimo, baada ya yule mtu wa arobaini na moja, na kila usiku nikilificha chini ya godoro, mahali ninapolala mimi na mtoto.

Leo ni tarehe tisa. Mafundo ya mwezi huu bado hayajasogea.

Nimeangalia asubuhi, mchana, jioni. Nimempima Ayuma mara saba. Kamba inasema bado ni yule wa mwezi uliopita.

Na leo alfajiri nilipovuta daftari kutoka chini ya godoro halikufunguka. Kurasa zote nilizoandika habari hii zimeshonwa pamoja, pande tatu, kwa uzi wa kahawia wenye nta. Mishono midogo, imefuatana sawasawa. Ukurasa wa vipimo haukuguswa. Wala mimi sikusikia kitu, na nilikuwa nimelilalia.

Haya ya mwisho nayaandika nje, kwenye jalada, Ayuma amelala mapajani. Nimeikunja kamba yake vizuri nikairudisha koponi. Ile karatasi ya HAMNA KITU nimeibandua.

Nimeelewa, Mama. Hata kuandika ni kusema. Daftari nitalileta kwako kesho, nitalifukia penye gauni, bila kulifumua. Sogeza fundo, Mama. Unene wa ukucha tu. Sitamwambia mtu mwingine.