Mgeni wa Govind

Gicheru aliporudi kwenye maegesho ya uwanja wa ndege akiburuta sanduku la Zarna, alikuta kioo cha mbele cha gari kimeshika utando mweupe. Alipitisha kidole akakiramba, kwa maana alikuwa mtu wa kuonja kwanza na kufikiri baadaye, tabia iliyomlaza hospitali Lubumbashi na kumwoza mke kijijini Giakanja. Ilikuwa chumvi. Chumvi ya bahari hasa, ile inayotia kutu magari ya Mombasa, na yeye hakuwa ameiona Mombasa tangu aache kuendesha matrela.

"Labda Nairobi wameletewa bahari na sisi wa mlimani hatujaambiwa," alisema.

Zarna alicheka, lakini kichovu. Aliondoka Nyeri akiwa mtoto mwenye pengo, sasa alikuwa mwanamke mzima wa Leicester, Uingereza, na kilichomrudisha ni nyanya yake Lilavati, aliyemwita Ba, ambaye alikuwa kitandani hotelini kwake na hakuonekana kama mtu wa kuamka tena.

Kwa kuogopa kupishana naye, Gicheru, dereva wa hoteli hiyo, alikuwa ameandika kwenye kipande cha katoni: ZARNA, KWA LILAVATI, CHAKA, NYERI, na chini yake nambari ya simu yake kwa herufi nene. Alipokuwa amekiinua pale wanapotokea abiria, mzee mmoja wa kanzu nyeupe alikuja akakisoma huku midomo ikicheza, polepole, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Pindo la kanzu lilikuwa limelowa. Nje jua lilikuwa kali. Mzee alitabasamu kwa adabu, akaenda zake.

Hoteli ya Lilavati ilikuwa mbele ya Chaka, huko Kieni, na haikuwa na kibao. Haikuwa kwenye ramani ya simu wala kwenye mdomo wa mfanyakazi yeyote, kwani sheria ya kwanza ya kazi ilikuwa kwamba mtu haelekezwi, huchukuliwa. Mgeni aliyekuja mwenyewe alingoja kwenye kituo cha mafuta cha Chaka mpaka Gicheru amfuate. Wazungu waliipenda sana shida hiyo. Wafanyakazi walinong'ona kwamba mama anajificha asionwe na jini, na Gicheru ndiye aliyeongoza kicheko. "Jini ni mtu wa pwani," alikuwa akisema. "Akija Kieni mwezi wa saba, nimonia itammaliza kabla hajatisha hata kuku."

Walikuwa wamepita Sagana simu ilipolia. Nambari hakuijua.

"Hujambo, mwanangu? Uniwie radhi kwa kukusumbua." Kilikuwa Kiswahili kitamu cha pwani, kila neno limepigwa pasi, ila nyuma yake kulikuwa na sauti ya maji, kama mtungi unaojazwa. "Mimi ni mgeni wa Govind. Alinialika kwake, nami nimekuwa njiani muda mrefu. Nimefika Chaka. Tafadhali nielekeze."

Govind alikuwa marehemu mume wa Lilavati. Gicheru akaona picha yote: rafiki wa zamani amesikia mjane anaumwa, amekuja kumjulia hali. Wako watu wanaoweza kumnyima mzee njia. Gicheru alizaliwa Tetu, ambako hata anayekuja kukushtaki kwa chifu huonyeshwa mahali pa kukatia kona.

"Sawa mzee. Hapo petroli station uingie barabara ya murram ya kulia. Upite posho mill, uende tu mpaka uone kanisa ya mabati ya bluu. Hapo barabara inagawanyika..."

Mtandao ukakatika.

"Ni nani huyo, Uncle?" Zarna aliuliza.

"Mzee wa pwani. Ati ni mgeni wa guka yako, babu Govind."

Zarna aligeuka taratibu. "Umemwonyesha njia?"

"Nusu tu. Network imepotea."

"Unajua guka alikufa na nini?"

"Si tuliambiwa ni mapafu?"

"Ilikuwa mapafu." Alisema kwa sauti ndogo, kama aliyemwona mtu amelala kiti cha nyuma. "Ilikuwa imejaa maji ya bahari. Na alikuwa kwa kitanda yake, Nyeri town, na mlango amefunga na ndani."

Akamweleza. Govind alikuwa akitoka Mombasa na mabati ya duka lake, akambeba mzee wa kanzu njiani karibu na Mariakani. Walizungumza vizuri. Wakati wa kuagana Govind akasema lile neno ambalo kila mtu husema na hakuna anayelifuatilia: siku moja ufike kwangu. Mzee akauliza, ni ahadi? Govind akasema ni ahadi. Na jina la Govind lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya duka lake, na nyumba ilikuwa juu ya duka.

"Ba alienda mpaka Kwale kwa mganga," Zarna alisema. "Akaambiwa mgeni mwenye amealikwa hafukuzwi. Atatafuta hiyo boma mpaka iishe watu. Lakini hawezi kuona njia mwenyewe, lazima asome ama aambiwe na mtu wa hapo. Na kuna kitu moja tu inaweza kumtoa. Mtu mwingine amwalike kwake, kwa mdomo yake mwenyewe, na iwe ni kwake kweli."

"Na huyo mtu anapatikana wapi?"

"Ndiyo maana Ba aling'oa kibao."

Gicheru alitafuta mzaha mahali pote anapouweka, akakosa. Alikuwa akiona katoni. Alikuwa akiona midomo ikicheza juu ya herufi zake nene, na pindo lililolowa chini ya jua.

Baada ya Karatina ukungu ulishuka. Ulikuwa mchana, lakini ukungu wa mwezi wa saba haujali saa. Karibu na Kiganjo simu ililia tena, akaruka, lakini alikuwa Watiri, mpishi wa hoteli.

"Gicheru, uko wapi?" Alikuwa akinong'ona. "Maji ya tangi imekuwa chumvi. Nimemwaga chai mara mbili nikidhani ni mimi. Ng'ombe za kanisani zimevunja boma zikakimbia. Na Mama ameketi kwa kitanda, yeye mwenye hajaketi tangu Jumapili, anaangalia mlango. Ati nifunge madirisha yote. Ni nani anakuja?"

"Funga," Gicheru alisema. "Usimfungulie mtu. Hata mimi."

Hapo ndipo harufu ilipoingia garini, kwanza kidogo, kama samaki aliyesahauliwa chini ya kiti, kisha nzito, harufu ya mwani uliooza na ubani na nguo za maiti aliyeopolewa, ikajaa hata Zarna akafungua dirisha, na dirisha lilipofunguka wakasikia ndani ya ukungu wa Kieni, safari ya siku nzima kutoka pwani, wimbi likija, likivunjika, likirudi, na katikati ya sauti hiyo simu ikalia na mkono wa Gicheru ukaipokea kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Nimefika kanisani, mwanangu. Njia ni mbili. Ya kulia au ya kushoto?"

Zarna alimshika mkono wa koti. "Danganya," alinong'ona.

"Kushoto, mzee."

Maji yalivuma. Yalivuma kwa muda.

"Kushoto kuna bwawa," sauti ikasema, bila hasira hata kidogo. "Nimekwisha kuoga humo. Basi ni kulia."

Gicheru alisimamisha gari kando ya barabara. Alifikiria Giakanja. Alifikiria nyumba yake ya mawe aliyoijenga chumba kwa chumba kwa safari za Lubumbashi, na kaburi la mkewe Gathoni nyuma ya migomba, na nafasi aliyojiachia kando yake na kuizungushia mawe ili majirani wasije wakapanda viazi. Hakuna aliyekuwa akiishi humo ila yeye. Hilo lilikuwa jambo la huzuni kila jioni, na sasa ghafla likawa na faida.

"Mzee, ngoja. Usishike kulia. Govind alikufa. Mimi naitwa Gicheru wa Kinuthia. Mimi ndio nakualika."

"Kwako?"

"Kwangu. Giakanja."

"Ni ahadi?"

Zarna alikuwa akitikisa kichwa, machozi yanamtoka.

"Ni ahadi."

"Basi nielekeze."

Akamwelekeza. Sokoni, chini ya shule, lango la kijani, parachichi karibu na choo, ufunguo chini ya jiwe bapa. Kila alichokitaja alikiona kikimtoka, kama mtu anayetoa vyombo nje na kumpa mpita njia. Alipomaliza, wimbi lilirudi na halikuja tena.

Walimkuta Lilavati hai, na maji ya tangi matamu. Alimkumbatia mjukuu wake, kisha akamshika Gicheru mkono akautazama kama anayetafuta kitu kilichopotea. "Usirudi nyumbani, Gicheru."

"Nirudi nifanye nini, Mama? Niko na mgeni."

Hakurudi. Alihamia ndani ya gari, blanketi kiti cha nyuma, mswaki mahali pa kikombe, picha ya Gathoni kwenye dashibodi. Watu wa Giakanja walisema kuta zake zimekuwa nyeupe, migomba imekauka, na udongo wa kaburi umepasuka kama ufuo. Mara kwa mara simu ililia. "Mwanangu, nimekaa kwako. Mwenyeji hajafika." Naye alijibu kama anavyojibu kila Mkenya aliye bado kitandani: "Niko njiani, mzee." Lilavati alifariki baadaye, polepole, mapafu yake makavu, mkono wake ndani ya mkono wa Zarna. Gicheru aliendelea kuleta wageni.

Wa mwisho walikuwa mtu na mkewe kutoka Kisumu. Alipowafungulia mlango nje ya uwanja wa ndege, yule mke aliona blanketi na mswaki, akacheka.

"Dereva, kwani unaishi humu?"

Gicheru hakuwahi kuuacha mzaha upite hivi hivi. "Hii ndio nyumba yangu, madam," alisema kwa sauti ya kusikika na madereva wote. "Mlango ni huo mmeshika. Ingieni."

Walicheka wote. Katikati ya madereva na vibao vyao, mtu mmoja mwenye kanzu nyeupe, aliyechoka kungojea mwenyeji huko Giakanja, aliinua uso.

Kabla ya Sagana kioo kilianza kufifia. Gicheru aliwasha waipa, zikafuta, zikafuta, weupe ukabaki palepale. Nyuma, mama aliuliza kwa upole kama kuna dirisha limeachwa wazi, kwa sababu kiti kimelowa. Simu ilikuwa kando ya picha ya Gathoni, kimya. Gicheru alinyoosha kidole akakipitisha kwenye kioo, upande wa ndani, na safari hii hakukiramba.